NAFSI YA MTU NI MJI WA MPAKANI

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na watu walioingia katika dini karibuni, au ambao wangali wakiitafuta, limo moja linaloulizwa kwa sauti ya chini. Mtu husema: "Zamani, kabla sijaanza kumtafuta Mungu, nilikuwa nikidanganya katika biashara yangu na nikilala usingizi mwema. Sasa neno moja tu la uwongo lanikosesha raha usiku kucha. Je, nimezidi kuwa mbaya? Na ikiwa imani ni kitu chema, mbona moyo wangu umepoteza utulivu?"

Swali hili si dogo. Wapo watu waliogeuka nyuma katika njia njema kwa sababu hawakulipatia jibu. Walidhani ya kwamba masumbuko ya moyo ni dalili kuwa Mwenyezi Mungu hawataki, au kuwa wao hawakuumbwa kwa ajili ya mambo ya dini. Madhumuni ya somo hili ni kuonyesha ya kwamba wamekosea, na ya kwamba lile walilolidhania kuwa ugonjwa ndilo lililokuwa mwanzo wa kupona.

Ili maneno yetu yasibaki hewani, tutachukua mifano katika nchi inayojulikana, nayo ni Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi ya Tanzania. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kutengwa na Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Mwisho wake, kwenye mpaka wa Zambia, uko mji wa Tunduma. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kisha huvuka na kuingia Nakonde. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, nayo hupita hapo hapo. Malori yenye shaba ya Zambia na Kongo huteremka kwenda bandarini, na yenye mafuta na bidhaa za kila namna hupanda. Mahali penye kupita mali nyingi namna hiyo hapakosi vishawishi, na kwa hiyo utasikia watu wakisema: "Hapa ni mpakani, mtu hawezi kuishi hapa akabaki mwaminifu." Neno hili nalo tutalipima kabla ya kumaliza.

MTU AMEUMBWA NA NINI?

Jambo la kwanza la kujua ni asili ya mtu. Wako wanaosema ya kwamba mtu huzaliwa na uovu, na wengine husema ya kwamba yeye ni karatasi tupu inayoandikwa na ulimwengu. Islam haifundishi hili wala lile. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. amefundisha ya kwamba kila mtoto huzaliwa katika umbile safi, na baadaye wazazi na malezi ndiyo yanayompeleka huku au kule. Basi wema si mgeni ndani ya mtu. Ndiye mwenyeji, ila huenda amefunikwa.

Katika wilaya ya Mbozi, mahali paitwapo Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kuna kimondo kikubwa, miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana ulimwenguni. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 na urefu wake yapata mita 3. Karibu sehemu tisa katika kumi za mwili wake ni chuma, na iliyobaki kubwa ni nikeli. Habari zake ziliwafikia wataalamu mwaka 1930. Wakati huo ilionekana sehemu ya juu tu, na kiwiliwili chote kilikuwa kimezama ardhini. Baadaye udongo wa pembeni ukachimbwa na kuondolewa, kikaachwa juu ya nguzo ya udongo, nayo nguzo ile ikaimarishwa kwa saruji. Hivyo ndivyo wageni wanavyokiona hata leo.

Angalia, ndugu msomaji: waliochimba hawakuongeza hata kipande cha chuma juu ya kimondo kile. Chuma kilikuwa chuma tangu kabla ya kuchimbwa. Kazi yao ilikuwa kuondoa kilichokifunika. Na tena, ulipotakiwa mfano wa kuchunguzwa katika mwaka ule wa 1930, kukata kipande kidogo tu kwa msumeno kulichukua saa 10 za kazi. Udongo uliweza kukifunika, lakini haukuweza kukigeuza kuwa udongo.

Kurani Tukufu katika Sura Ash-Shams (91:10-11) yatuambia habari za watu wawili: mmoja ni yule aitakasaye nafsi yake, naye hufaulu, wa pili ni yule aizikaye, naye hupata hasara. Neno la Kiarabu lililotumika kwa huyu wa pili lina maana ya kuficha kitu kwa kukifukia udongoni. Haikusemwa ya kwamba ameiua nafsi yake, wala ya kwamba alizaliwa bila hiyo. Ameifukia. Na kilichofukiwa chaweza kufukuliwa. Hili ndilo tumaini la kwanza la kila mwenye kutaka kubadilika, hata kama amekaa miaka arobaini chini ya udongo wa mazoea yake.

HALI YA KWANZA: NAFSI INAYOAMRISHA

Kurani Tukufu imeeleza hali tatu za nafsi ya mtu. Ya kwanza huitwa nafsi ammara, yaani nafsi inayoamrisha mabaya, nayo imetajwa katika Sura Yusuf (12:54). Katika hali hii mtu huongozwa na matamanio yake. Si kwamba hajui jema na baya. Analijua, lakini mpaka uliopo kati ya hayo mawili ameuweka juu ya kitu kisichotulia.

Mfano wake ni Mto Songwe ule uingiao Ziwa Nyasa (maana uko mwingine wa jina hilo hilo uelekeao Rukwa). Mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipokuwa zikigawana nchi hizi, zilikubaliana ya kwamba mto huo uwe mpaka, na mpaka leo watenganisha Tanzania na Malawi. Lakini mto huu, ufikapo katika tambarare kabla ya kuingia ziwani, hupindapinda, na wakati wa mafuriko huvunja kingo na kujichimbia njia mpya. Kwa hiyo shamba la mtu laweza kujikuta ng'ambo ya mto bila mwenyewe kusogea hata hatua moja.

Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mpaka wa halali na haramu. Jana alisema: "Rushwa ni haramu." Leo, baada ya mvua ya shida au ya tamaa, asema: "Hii si rushwa, hii ni chai tu." Yeye hajioni kuwa amevuka, kwa sababu kila mahali alipo mto uko upande wake wa kulia kama zamani. Mto ndio uliohama.

Wala ugonjwa huu si wa mtu mmoja mmoja tu, hata mataifa huupata. Katika Tanzania, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu wagombea kuwapa wapiga kura kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa desturi. Watu waliona taabu kupambanua ukarimu huo na rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka ya kwamba vifungu vile vilikuwa kinyume cha Katiba. Neno takrima ni zuri, na kumkirimu mgeni ni tabia njema. Lakini jina zuri likibandikwa juu ya jambo lingine, mpaka huhama usiku na watu huamka wakiwa ng'ambo.

Ni nini dawa ya mto wa namna hiyo? Mto haukaripiwi ukatulia, bali hujengewa kingo. Serikali za Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa bonde la Mto Songwe, na moja katika makusudio yake ni kuudhibiti mto usizidi kuhamahama. Kadhalika nafsi haitulii kwa kujilaani wala kwa kuweka ahadi kubwa siku moja ya mwaka. Yahitaji kingo zinazojengwa kila siku mahali pale pale. Ndiyo maana sala imewekewa nyakati zake tano: kabla maji ya asubuhi hayajapanda mno, kingo, adhuhuri sokoni, kingo, na vivyo hivyo mpaka usiku. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

HALI YA PILI: NAFSI INAYOLAUMU

Hali ya pili ni nafsi lawwama, yaani nafsi inayojilaumu. Imetajwa katika Sura Al-Qiyama (75:3), na namna ilivyotajwa yastahili kufikiriwa sana, kwani Mwenyezi Mungu ameapa kwa Siku ya Kiyama na kisha akaapa kwa nafsi hii. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa kuwa yafanana. Kiyama ni siku ya yaliyofichika kuletwa nje yakapimwa, na nafsi inayojilaumu ni kiyama kidogo kilichotangulia, kikafunguliwa ndani ya mtu angali hai na angali na nafasi ya kutengeneza.

Hapa sasa lile swali la mwanzo lapata jibu lake. Fikiria mji wa mpakani usio na mlinzi wala mkaguzi. Mizigo yote hupita, mizuri na mibovu, dawa na sumu, na mji ni kimya kabisa. Siku moja wakaguzi wafika. Mara hiyo malori yasimamishwa, magunia yafunguliwa, wenye mali wapiga kelele, foleni yarefuka. Mtu mgeni akipita atasema: "Mji huu ulikuwa na amani, na wakaguzi hawa ndio walioleta fujo." Lakini je, ni kweli? Mali ya magendo haikuanza kuingia siku ile. Siku ile ndipo ilipoanza kuonekana.

Basi wewe unayesema kwamba zamani ulilala vizuri, fahamu ya kwamba ule haukuwa utulivu wa amani. Ulikuwa ukimya wa mpaka usio na mlinzi. Na kelele unayoisikia sasa moyoni ni ya mkaguzi aliyeanza kazi. Usimchukie. Mwili uliokufa hausikii kisu, na jeraha huuma pale damu inapopita. Mwenyezi Mungu hakukutupa. Angekutupa angekuacha ulale.

Lakini iko hatari mbili katika hali hii, na kila mmoja wetu yampasa azijue.

Hatari ya kwanza ni kutafuta njia za panya. Kila mpaka una watu wazijuao njia hizo, na nafsi nayo inazo zake. Nyingi kati yake ni hizi nne:

(1) "Kila mtu afanya hivyo." Lakini wingi wa waliovuka porini haufanyi pori kuwa barabara.

(2) Kulibadilisha jambo jina, kama tulivyokwisha kueleza.

(3) "Mungu ni Mwingi wa rehema, nitatubu kesho." Rehema ya Mungu ni kweli, lakini mwenye kuitegemea ili azidi kukosa hakuitegemea, ameifanyia dharau.

(4) Kulipia haki moja kwa haki nyingine. Mtu huchukua kwa dhuluma shilingi elfu kumi, akatoa sadaka elfu moja, moyo ukanyamaza. Huyo hakutoa sadaka, bali amempa mkaguzi wake rushwa.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo ya kwanza, nayo ni kukaa katika foleni bila mwisho. Wapo watu wapole wa moyo ambao hujilaumu asubuhi na jioni, hukumbuka makosa ya miaka ishirini iliyopita, na hawatendi lolote. Hudhani ya kwamba huzuni yao ni ucha Mungu. La! Ukaguzi haukuwekwa ili lori likae mpakani milele. Umewekwa ili kilicho kibaya kiondolewe na gari liende safari yake. Lawama isiyozaa tendo ni foleni tu, na bidhaa huozea humo.

Kwa hiyo Islam imeiwekea lawama mlango wa kutokea, nao ni toba. Kwa toba ya kweli yatakiwa mambo haya: mtu aliache kosa lenyewe na fikira zake, alijutie, aazimie kwa dhati kutolirudia, na ikiwa amechukua haki ya mwanadamu, airudishe.

Tuchukue mfano ulio karibu na watu wa Songwe. Mbozi ni nchi ya mahindi na kahawa. Kila mkulima wa nchi hii ajua maana ya lumbesa: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa nyongeza kubwa, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yaikataza, lakini mazoea huishinda sheria mara nyingi. Tuseme mnunuzi mmoja amefanya hivyo miaka mitano, kisha moyo wake umeanza kumchoma. Je, afanye nini? Kulia peke yake hakutoshi, kwa sababu machozi hayarudi katika ghala la mkulima. Kuswali usiku ni vizuri, lakini kesho sokoni ndiko kwenye jibu. Aache lumbesa msimu huu huu, hata kama wenzake watamcheka na faida itapungua. Wale awakumbukao awaendee awape haki yao au awaombe radhi. Asiowakumbuka, atoe kwa ajili yao kwa kadiri ya uwezo wake, na aazimie moyoni kutorudia. Kurani Tukufu imeipa sura nzima jina la wenye kupunja vipimo (Sura ya 83), na kuwaonya wale wajipimiao kamili na kuwapimia wengine pungufu. Kwa hiyo mtu asidhani ya kwamba mambo ya gunia na mizani ni ya dunia tu. Huko ndiko roho inakopimwa.

MPAKA HAUFUNGWI

Baadhi ya watu, wakiona taabu ya kuilinda nafsi, hufikiri ya kwamba dawa ni kuua matamanio yote: wasioe, wasichume, wasikasirike, wasicheke, wajitenge na watu. Hii pia si njia.

Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, serikali ya Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake katika siku zile za hofu. Lakini baada ya siku chache mpaka ulifunguliwa tena kwa ajili ya mizigo, kwa kuwa chakula, mafuta na dawa za watu wengi hupita hapo. Mji wa mpakani ukiachwa wazi bila ulinzi huharibika, na ukifungwa kabisa hufa njaa. Uzima wake uko katika kuacha kipite kile kinachofaa, kwa wakati wake, kwa kipimo chake.

Katika mkutano mkubwa wa dini uliofanyika Lahore mwezi Desemba 1896, ilisomwa hotuba ya Seyidna Ahmad a.s., ambamo alizieleza hali hizi za nafsi kwa mujibu wa Kurani Tukufu. Alionyesha ya kwamba maumbile ya mtu, kama vile hasira, mapenzi, huruma na woga, si tabia njema wala mbaya kwa peke yake. Huwa tabia njema yanapotumiwa chini ya uongozi wa akili, mahali panapostahili na kwa wakati unaostahili. Fikira hii yafungua mambo mengi. Mtu asiyekasirika kwa sababu tu ni dhaifu hakupata fadhila ya upole, na mtu asiyeiba kwa sababu hakuona cha kuiba bado hajapata cheo cha uaminifu. Mama anayempigia kelele mtoto aliyekimbilia barabarani mbele ya lori hakutenda kosa la hasira, bali hasira yake imefika mahali pake. Lakini hasira hiyo hiyo akiileta mezani kwa sababu ya chumvi kuzidi, imepita pasipo ruhusa.

Kwa hiyo usiombe uondolewe maumbile. Omba uwe bwana wake. Tamaa ya mali ikiongozwa huwa bidii ya kazi. Wivu ukiongozwa huwa shauku ya kutenda mema kama wenzako. Woga ukiongozwa huwa hadhari, na mapenzi yakiongozwa huwa nyumba yenye watoto na heshima.

HALI YA TATU: NAFSI ILIYOTULIA

Hali ya tatu ni nafsi mutmainna, nafsi iliyotulia. Katika Sura Al-Fajr (89:28-31) nafsi hii yaitwa irudi kwa Mola wake, yeye akiwa radhi Naye, Naye akiwa radhi naye, na iingie miongoni mwa watumishi Wake na katika Bustani Yake.

Zamani msafiri apitaye Tunduma alisimama mara mbili. Alimaliza shughuli za upande wa Tanzania, kisha akavuka na kuanza upya shughuli za upande wa Zambia. Mwezi Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Katika utaratibu wake maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja, na msafiri husimama mara moja tu. Ukaguzi haukuondolewa. Kilichoondolewa ni ule mvutano wa milango miwili.

Mtu wa hali ya pili husimama mara mbili kwa kila jambo. Tamaa yake yasema, "Chukua," na dhamiri yasema, "Acha," naye huchoka kwa kwenda huku na huku. Lakini akidumu katika kuisikiliza dhamiri, na akimwomba Mwenyezi Mungu msaada, hufika siku ambayo analolipenda yeye na analolipenda Mola wake vinakutana chini ya dari moja. Hapo kusema kweli hakumgharimu tena vita. Kama vile mtu mwenye afya asivyojilazimisha kukataa sumu, naye haukatai uwongo kwa taabu, kwani ladha yake imegeuka. Hii ndiyo amani ya kweli, na tofauti yake na ule ukimya wa zamani ni kama tofauti ya mtu aliyepumzika na mtu aliyezimia.

NAMNA YA KUENDELEA

Je, hali hiyo hupatikana upesi? Waulize wakulima wa kahawa wa Mbozi. Mche wa kahawa ukipandwa hauzai mwaka ule, bali hungojewa miaka mitatu au zaidi. Hupogolewa matawi, ingawa kwa asiyejua huonekana kama unaharibiwa. Na wakati wa mavuno mkulima mwema huchuma zilizoiva tu, akirudi kwenye mti ule ule mara nyingi, kwani mbichi chache zikichanganywa hupunguza thamani ya zote. Nafsi nayo haiivi yote kwa siku moja. Yafuatayo yatamsaidia mwenye nia:

Kwanza, kabla ya kulala jihesabu mwenyewe kwa maswali matatu: Leo nimesema nini kisichokuwa kweli? Nimechukua nini kisichokuwa changu? Nimemwumiza nani? Usijihukumu kwa maneno makubwa. Taja jambo lenyewe.

Pili, chagua kasoro moja tu na uishughulikie mpaka ilegee, ndipo ushike nyingine. Mwenye kupigana na kasoro kumi kwa pamoja hushindwa na zote.

Tatu, lililo katika uwezo wako kulitengeneza kesho, litengeneze kesho. Usilibebe mpaka wiki ijayo.

Nne, tafuta suhuba ya watu wakweli. Kurani Tukufu yaamrisha jambo hili (9:119), kwa maana mtu hujifunza tabia kwa kukaa karibu na mwenye tabia hiyo kuliko kwa kusikia maneno.

Tano, omba dua kwa lugha yako mwenyewe katika sijida, iwe ni Kinyiha, Kinyamwanga au Kiswahili. Mwambie Mola wako kasoro ile kwa jina lake. Anayeficha ugonjwa hujinyima dawa.

Sasa turudi kwa wale wasemao ya kwamba mpakani mtu hawezi kuwa mwaminifu. Tunasema kinyume chake: mpakani ndipo uaminifu unapojulikana. Mtu aliyekaa mahali pasipo mali hajui bado kama yeye ni mwaminifu au ni maskini tu. Lakini kijana wa Tunduma anayebadili fedha mikononi mwake mchana kutwa, akapewa ziada kwa makosa na akamwita mwenyewe ili amrudishie, huyo amepata kitu ambacho hakipatikani mahali penye usalama. Mahali hapamharibu mtu wala hapamtengenezi. Huyaleta mbele ya lango lake mambo ya kuchagua, na lango liko ndani yake popote aendapo.

Ndugu msomaji, ikiwa usiku huu moyo wako utakuchoma kwa neno ulilolisema mchana, usigeukie upande wa pili ukalazimisha usingizi. Kaa kitandani, ulitaje neno hilo, uazimie utakalofanya kesho, kisha ulale. Utakuwa umepiga hatua moja kutoka katika lawama kuelekea utulivu.

Mwenyezi Mungu atujaalie nafsi zinazosikia zinapoonywa, zinazotenda zinapofahamu, na zinazotulia Kwake peke Yake. Amin.